Kuna Bibi Mmoja Alisema

Miaka ile ya vita, mjini Rasht, aliyetaka kujua atazame filamu gani hakuwa na gazeti la kumwambia wala bango la kulikodolea macho. Alikuwa na Faramarz. Deki za video zilikuwa zimepigwa marufuku, mikanda yake pia, na nusu ya mji ilikuwa na deki iliyofichwa chini ya magodoro. Faramarz alipita nyumba hadi nyumba ndani ya koti refu la mvua ambalo mkewe, Manizhe, alilishonea mifuko kwa ndani, na kila mfuko ulilaza mkanda wake. Mvua ya Rasht haina msimu, basi mtu mwenye koti refu hakumshangaza yeyote.

Tusimpake mafuta: alikuwa mwoga. Paka akiangusha kifuniko cha pipa, yeye anaruka. Zamani alikuwa akiendesha mitambo katika sinema moja mjini, sinema ikafungwa, ukumbi ukageuzwa ghala la mchele, naye akabaki na kazi moja tu anayoijua duniani, nayo imekuwa kosa la jinai. Kila asubuhi tumbo lilimchafuka kabla ya kutoka. Manizhe alimpa chai ya mnanaa na kumsukuma mlangoni.

"Si ubakie tu nyumbani," angemwambia. "Mimi nashona, tutakula."

"Na wao watatazama nini?"

"Watazame mvua."

Lakini alikwenda, na siri yake ndiyo hii: hakwenda kwa ajili ya mikanda. Alikwenda kwa ajili ya swali. Akishaketi, akishapewa chai na zeituni zilizopondewa jozi na komamanga, hakufungua koti kwanza. Aliuliza, "Haya, mmeonaje ile ya juzi?" Hapo nyumba nzima huanza kugombana. Watu waliokuwa wamefunga midomo wiki nzima, kazini, sokoni, kwenye foleni, walimwagika mbele yake. Mzee aliyewahi kuwa hakimu alisema yule mwanamume wa kwenye filamu hakupaswa kufungua mlango. Faramarz aliyabeba maneno hayo hadi kwa bi harusi wa mtaa wa pili, akasema, "Kuna mzee mmoja anaona mlango haukufaa kufunguliwa." Bi harusi akapandisha: "Mwambie huyo mzee, angekuwa yeye ndiye anayenyeshewa nje angeimba wimbo mwingine!" Na Faramarz akalirudisha jibu. Wale wawili walibishana kupitia kwake msimu mzima wa baridi bila kujuana hata sura.

Hakutaja jina la mtu. Kuna mzee mmoja, kuna bibi mmoja, kuna kijana mmoja: basi. Alijiona mjanja sana kwa hilo. Mwenzake wa kazi, Kiumars, alikuwa akitaja majina, na siku watu wa doria walipomkamata na begi lake alichapwa viboko akarudi nyumbani kwa kulalia tumbo. Sasa anauza zeituni sokoni, na ukimsalimu anatazama kwanza nyuma yako.

Aliyemshika Kiumars aliitwa Haji Yadollah. Alikuwa mkubwa wa doria ya upande wetu, mtu mnene, mpole wa sauti, na upole wake ulitisha kuliko kelele za wengine.

Basi siku moja kwenye foleni ya mkate, Haji Yadollah alimgeukia Faramarz akamwambia, "Bwana Faramarz, mbona hatukuoni kwetu? Nyumba yetu ni yako."

Moyo wa Faramarz ulimpiga paa. Lakini alijikaza akainama, mkono kifuani, akajibu inavyojibiwa: "Kivuli chako kisipungue, Haji. Sitaki kuwasumbua."

Kwetu mtu akikukaribisha mara ya kwanza, amekusalimu tu. Akirudia, amekuheshimu. Ya tatu ndiyo karibu yenyewe. Na kama ile ya kwanza ukiifuata utachekwa, ya tatu ukiikataa umemtukana mwenyeji, mke wake na sufuria zake. Kila mtoto wa Rasht analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Kwa hiyo Faramarz alienda nyumbani anatetemeka, lakini anatetemeka kwa kiasi.

"Karibu ya mdomoni hiyo," Manizhe alimtuliza. "Angemwambia hata punda wa muuza chumvi."

Wiki ya pili Haji alimkuta kwa kinyozi, uso umejaa povu. "Bwana Faramarz, bado tunakungoja." Kinyozi alisimamisha wembe. Faramarz akasema kivuli chako kisipungue, povu likamwingia kinywani.

Kuanzia hapo hakulala usingizi wa maana. Akajaribu kumkwepa Haji kabisa, maana asiyekutana naye hawezi kumkaribisha mara ya tatu. Alibadilisha duka la mkate. Aliacha ndevu ziote. Lakini kuna mlango mmoja ambao mtu hawezi kuukwepa, nao ni wake mwenyewe. Jumatatu alasiri, mvua inamwagika, ulibishwa, na Manizhe alipofungua, Haji Yadollah alikuwa kwenye kizingiti na mwavuli wake. Nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka kwenye viatu vyake, kulikuwa na mikanda ya wiki nzima imepangwa kitandani.

"Ingia, Haji, ingia, chai iko motoni!" Manizhe alisema, kwa sababu hakuna mwanamke wa Rasht anayeweza kusema kitu kingine.

"Nyumba yenu ijae heri, dada, sitaingia, viatu vina matope."

"Matope yako tutayaweka machoni petu, Haji."

"Siingii, wallahi. Nimekuja kumwambia bwana mwenye nyumba: Alhamisi jioni. Mke wangu anapika."

Akaenda zake. Faramarz alikuwa amekaa kitandani juu ya mikanda.

"Ya tatu," alisema.

"Na amekuja mwenyewe," Manizhe alisema, na safari hii hakufanya mzaha.

Walijadili suala moja tu siku zilizobaki: aende na nini? Akienda na mkanda, amejipeleka na ushahidi. Asipokwenda na mkanda na kumbe ndicho Haji alichokuwa anataka, amemdharau. Mwishowe alinunua boksi la kuluche, vile vibiskuti vya jozi, akatoa kila kitu mifukoni. Siku hiyo koti lilimpwaya, likawa jepesi mwilini, naye akaliogopa hivyo lilivyo.

Haji alimpokea kwa mikono miwili. Walikula wali na samaki na maharage ya mayai na bizari, na Bi Robabe, mkewe, mwanamke mwembamba wa nguo nyeusi, aliingia na kutoka na sahani bila kusema. Ukutani palikuwa na picha ya kijana imezungushiwa utepe mweusi. Faramarz alijua ni nani: Rahim, mtoto wao wa pekee, aliyeuawa vitani mwaka uliotangulia. Mtaa mzima ulimzika. Aliitazama picha mara moja akainamisha macho.

Chai ilipokuja, Haji aliinuka akafunga mlango kwa ufunguo.  Haji akalivuta zulia, akafungua kabati lililofichwa sakafuni, akatoa deki. Na kando ya deki, mikanda. Mikanda mingi. Mingine Faramarz aliitambua kwa mwandiko wa Kiumars ubavuni.

"Nimeitazama yote," Haji alisema. "Yote, bwana. Unaikamata, unatakiwa ukague kabla ya kuteketeza. Ukikagua mmoja, unataka wa pili. Na sina hata mtu mmoja wa kuongea naye! Vijana wangu wa doria nitawaambia nini? Kwamba nimelia?" Aliketi, akamsogelea mpaka magoti yakagusana. "Kiumars alikuwa na jicho zuri la kuchagua. Tangu tumshike, hakuna kitu cha maana kinachoingia. Haya niambie. Wewe umeona nini karibuni?"

Hilo lilikuwa swali la Faramarz mwenyewe, swali alilowauliza watu miaka yote, na hakuwahi kujua lina uzito gani. Kila jibu lilikuwa kukiri kosa.

"Mimi, Haji, sina..."

"We bwana, acha mchezo. Ningekuwa nataka kukushika, ningekuja na mwavuli peke yangu?"

Ikabidi ajibu. Akaanza kwa kunong'ona na filamu moja ya vichekesho, filamu isiyo na mwanamke wala bunduki, akasema ina mwisho mzuri. "Ovyo!" Haji akasema. "Mwisho wameubandika." Na ilikuwa kweli, wameubandika. Faramarz alijikuta akisema hata katikati yake inalegalega. Haji akapiga paja kwa furaha. Alikuwa mtazamaji hodari, ndilo tatizo. Aliona vitu. Alikumbuka kitambaa mezani, mlio wa mlango, nani alitazama wapi. Faramarz alikaa na hofu yake upande mmoja na raha upande wa pili, na raha ikawa inampora hofu polepole, kama usingizi unavyomwiba mlinzi.

Ndipo Haji alipouliza, "Na ile ya mama na ghala la unga? Umeiona?"

Nani hakuiona? Ilikuwa imezunguka mji mzima baridi ile. Ni ya nchi fulani ya theluji, ya zamani za wafalme: askari wanakusanya vijana waende vitani, mama anamficha mwanawe chini ya sakafu ya ghala la unga, baba, mtu wa heshima zake, akirudi kutoka safari anaambiwa na mkewe, na kwa kuona aibu mbele ya wenzake anamtoa. Kijana anaenda, harudi. Mama hasemi tena mpaka filamu inakwisha.

"Nimeiona," Faramarz alisema.

"Mimi nimeitazama sana," Haji alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Yule mama, unaonaje? Alikosea?"

Swali lile lingetosha kumzindua mtu mwenye akili timamu. Lakini Faramarz alishanogewa na mazungumzo, na mdomo ukaenda ulikozoea kwenda.

"Kuna bibi mmoja alisema," akaanza, anatabasamu, "kosa la yule mama si kumficha mtoto. Kosa lake ni kumwambia mumewe. Tena akasema filamu inadanganya mahali pamoja. Mama anapika chakula cha watu wawili! Ujinga huo, majirani si watanusa? Mtu unapika cha mmoja, mnagawana..."

Sentensi ikamfia mdomoni, maana wakati anaitamka ndipo alipoisikia. Kuna bibi mmoja. Bibi huyo alikuwa Bi Farangis, mjane wa mwenye duka la dawa. Mwanawe, Bizhan, aliyetakiwa jeshini, alivuka mpaka kwenda Uturuki: ndivyo alivyowaambia watu wote, na akamlilia hadharani. Bi Farangis aliyekuwa akitaka filamu za machozi tu, miaka yote, na tangu vuli akaanza kuagiza filamu za karate. Faramarz alikuwa amelifanyia utani: "Uzeeni umeanza kupigana, Bi Farangis?" Naye akacheka, akachukua mbili. Mtu anayempelekea filamu kila wiki, anayejisifu kwamba anaijua roho ya kila nyumba kwa mkanda inaouchukua, hakuwa ameona kitu. Sasa aliona. Kijana hakuwa Uturuki. Alikuwa juu, chumba cha juu, anatazama karate bila sauti, na anakula nusu sahani.

Na kwa mtoro wa vita hapakuwa na viboko. Palikuwa na kitanzi.

Nje ya mlango, upande wa jikoni, sahani zilikuwa zikioshwa. Kelele ya maji ikakoma.

"Bibi yupi?" Haji aliuliza, kwa upole.

 Faramarz akatafuta kichwani jina lolote, mwanamke aliyekufa, mwanamke aliyehama, na kila jina lilikuwa na mlango wa kubishwa. Mlango mmoja tu ndio uliokuwa halali yake kuutoa.

"Mke wangu," alisema.

"Mkeo?"

"Manizhe."

"Anasema kosa ni kumwambia mume, na anakwambia wewe mume?"

"Haji, mke wangu... mdomo wake hauna breki."

 Haji akacheka kidogo puani. "Mlete Alhamisi ijayo. Na Robabe naye apate mtu wa kuongea naye. Tangu msiba hasemi."

Manizhe alisikiliza habari yote akiwa na sindano mkononi. Alipomaliza kusikia, alichomeka sindano kwenye kitambaa taratibu, na hapo ndipo alipomjia juu.

"Mimi! Sijawahi kutazama filamu hata robo! Nimekaa miaka yote naogopa hata kuugusa mkanda, wewe unakwenda kunibandika maoni kama kiraka?"

"Ningesema nini? Ningemtaja?"

 Manizhe alimpenda Bi Farangis. Ndiye aliyempa dawa bure na maneno mazuri miaka ile walipokuwa bado wanatafuta mtoto, mpaka walipoacha kutafuta.

"Kijana wa watu," alisema mwishowe. "Haya, lete hiyo filamu."

Walifunga mapazia, wakatoa deki chini ya matandiko. Manizhe alitazama huku anashona. Kwanza alisema ghala chafu, mama gani hafagii. Kisha akasema nguo za askari zimekatwa vibaya mabegani. Ilipofika baba anasimama kwenye ghala na kugonga sakafu kwa fimbo, aliacha kushona, na hakushona tena.

"Kosa ni la baba," alisema, anapangusa macho kwa ukali. "Yule baba ni mbwa."

"Manizhe, kwa jina la Mungu. Usiseme hivyo kule. Haji ana picha ya mwanawe ukutani."

Faramarz alimfundisha maneno ya Bi Farangis kama mtoto wa madrasa anavyofundishwa sura. Manizhe akiwa anapika, Faramarz alimuuliza ghafla, "Kosa la mama?" naye alijibu, "Si kumficha, ni kumwambia mumewe." 

Jioni ile walikaa wote wanne. Haji hakutoa deki. Alimgeukia Manizhe, akasema kwa adabu, macho chini, "Dada, mumeo alinipa maneno yako. Nimeyafikiri wiki nzima. Hebu niyasikie kwako mwenyewe."

Manizhe alikaza mtandio akayasema. Aliyasema sawasawa, bila kosa hata moja, na hilo ndilo lililokuwa kosa: yalitoka yamenyooka mno. Faramarz alitazama zulia. Manizhe alipofika kwenye chakula cha mtu mmoja, Bi Robabe, ambaye hakuwa ameinua uso tangu waingie, aliinua.

"Njoo unisaidie chai," alimwambia Manizhe. Ilikuwa mara ya kwanza Faramarz kusikia sauti yake.

Wanaume walibaki. Haji aliitazama picha ya Rahim. "Alikuwa hajatimiza umri," alisema. "Walitaka idhini ya baba. Nilitia sahihi kwa mkono huu, nikajigamba msikitini."  Jikoni kulikuwa kimya. Hakuna glasi iliyogongana, hakuna kijiko. Faramarz aliwaza: wamemshika huko. Wamemshika mke wangu jikoni.

Chai ilikuja. Waliinywa, wakaaga, wakakaribishwa wabaki, wakakataa, wakakaribishwa, wakakataa. Nje mvua ilikuwa imepungua. Manizhe alimshika mkono, kitu asichofanya barabarani, na hakusema mpaka walipopita soko la samaki.

"Bi Robabe amejua," alisema.

Faramarz aliangalia nyuma yao.

"Kanifungia mlango wa jikoni. Akaniambia, 'Wewe huna mtoto.' Nikasema sina. Akasema, 'Basi maneno haya si yako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na hakuna anayejua kupika cha mmoja kikaliwa na wawili mpaka awe anapika. Aliyeyasema anaye mtoto, na anaye sasa hivi.' Nikalia, Faramarz, sikuweza kukataa. Nikamwomba."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwambie wiki ijayo wanapekua mitaa ya upande wa mto. Mwambie asimwache ndani.' Kisha akageuka akawa anapanga vijiko. Akasema, 'Yeye amemficha. Mimi wangu nilimfungia mkate na mayai ya kula njiani.'"

Bi Farangis alikaa upande wa mto.

Asubuhi Faramarz alikwenda kwake bila koti, bila mkanda, na alimwambia mlangoni, kwa maneno machache, bila kuingia. Bi Farangis hakukana wala hakuuliza ameyapata wapi.  Mimi niliyepewa habari hizi na Manizhe mwenyewe siwezi kueleza namna kijana alivyotoka mjini, maana hakuna aliyeniambia, na nisingeuliza. Wengine wanataja gari la mchele. Ninachojua ni kwamba doria ilipita mitaa ile, ikapekua hadi mapipa, na nyumbani kwa mjane wa mwenye duka la dawa ilikuta chumba cha juu kitupu, kimefagiliwa.

Faramarz aliacha kusema kuna bibi mmoja. Alipeleka mikanda, akanywa chai, akaondoka. Mzee hakimu alimuuliza, "Na yule anayenibishia, anasemaje?" Alijibu, "Hasemi kitu, mzee." Watu walimwona amekuwa mkavu. Walisema labda tumbo.

Lakini Alhamisi hazikuweza kukwepwa. Baada ya karibu ya tatu mtu si mgeni tena, ni mwenyeji, na asipotokea ndipo anaulizwa. Ikaja Alhamisi nyingine, naye akaenda peke yake. Haji Yadollah alifunga mlango, akavuta zulia, akatoa deki. Bi Robabe alileta chai, na safari hii hakurudi jikoni. Aliketi kando ya mlango, mikono mapajani.

"Yule bibi wa filamu ya ghala," Haji alisema, anatia sukari. "Hajambo?"

"Mke wangu hajambo, Haji. Anawasalimu."

"Mkeo najua hajambo." Haji alikoroga, hakuinua macho. "Namuulizia yule mwingine. Na mwanawe."

 Faramarz alimtazama Bi Robabe. Alikuwa anamtazama mumewe, na uso wake ulikuwa umetulia. Chumba kizima kilimngoja Faramarz. Akajua kwamba neno lolote atakalosema ni kuwatoa mama na mwanawe, na kwamba kunyamaza nako ni jibu.

Alinyamaza.

 Haji alisukuma glasi ya chai mpaka mbele ya goti la mgeni wake, akaitazama picha ya Rahim.

"Vizuri," alisema. "Haya. Wiki hii umeona nini?"